Mchanga Ndani ya Chupa

Nilihamia Dodoma pamoja na ofisi. Kampuni yetu ilikuwa inatunza mashine za maji za vijijini, na wakubwa walipoamua kuifuata serikali huku, mume wangu alisema mimi nitangulie, yeye na watoto watakuja. Nikatangulia. Nilipanga nyumba ya vyumba viwili Nzuguni, kwenye mtaa ambao nusu ya nyumba zilikuwa hazijawekwa madirisha. Ukifagia asubuhi, mchana vumbi limerudi. Mume wangu na watoto walibaki Dar es Salaam kwa sababu ya shule, baadaye kwa sababu ya duka, na baadaye zaidi niliacha kuuliza sababu.

Kazi yangu ilikuwa kusoma oili. Watu wakisikia hivyo hucheka, lakini ndivyo ilivyo. Zamani kila injini yetu ya dizeli ilibadilishwa oili baada ya saa mia mbili na hamsini za kufanya kazi, iwe imechoka au bado nzima. Mimi nilileta utaratibu mwingine. Mwendesha pampu anachota oili kidogo ikiwa bado ya moto, anaitia kwenye chupa ndogo safi, anaituma mjini kwa basi, nasi tunaipeleka maabara. Majibu yanarudi yakionyesha kilichomo: masizi, maji, vumbi la mchanga, chembe za chuma zilizolika kutoka kwenye injini yenyewe. Oili ikiwa bado nzuri, inaachwa iendelee. Ikiwa imechoka, au kuna kitu kinaharibika, gari linatoka na fundi na oili mpya.

Utaratibu ulifanikiwa. Nilijivunia sana. Sikuwa na kingine cha kujivunia mwaka ule.

Injini iliyokuwa inatoa majibu mazuri kuliko zote ilikuwa kwenye kijiji kimoja, ukiacha barabara ya Mtera na kuingia porini kama saa nzima. Ilikuwa ya zamani, lakini oili yake ilifika saa mia tano ikiwa bado na nguvu. Nikasogeza mbele. Gari lililokuwa linakwenda kule kila mwezi likawa linakaa miezi miwili, halafu karibu mitatu. Mwendeshaji wake sikuwa nimemwona hata siku moja. Nilimjua kwa mwandiko wake kwenye lebo za chupa, herufi kubwa zilizonyooka kama zimepigwa kwa rula.

Kisha oili ile ikaanza kuja na mchanga.

Chupa ya kwanza, maabara waliandika kwamba vumbi limezidi na njia ya hewa ikaguliwe. Nikatuma fundi. Alibadilisha chujio la hewa, akamwaga oili, akatia mpya, akarudi akisema hakuona tatizo lolote. Baada ya wiki chache ikaja chupa nyingine, mchanga umezidi kuliko mwanzo. Fundi akaenda tena. Mara ya tatu bosi wangu aliniita akaniuliza kama huu utaratibu wangu unasaidia mashine au unasumbua magari.

Nilikaa na karatasi za majibu mezani Jumamosi nzima. Jumamosi zangu zilikuwa hivyo. Mchana ule ndipo nilipoona kitu ambacho ningepaswa kukiona mapema. Mchanga ukiingia kwenye injini unakwangua kila unapopita, kwa hiyo mchanga ukipanda, chuma nacho lazima kipande. Kwenye karatasi hizi mchanga ulikuwa umepanda mara tatu mfululizo, chuma kikawa kimelala palepale. Mchanga ule haukuwahi kupita ndani ya injini.

Jumatatu niliomba gari nikaendesha mwenyewe. Njiani nilipanga maneno makali. Mtu alikuwa amenifanya nionekane mjinga mbele ya bosi wangu, na nilitaka kumwona uso.

Nilimkuta amesimama nje ya banda la pampu. Bila shaka alikuwa amesikia muungurumo wa gari kutoka mbali. Mzee wa miaka karibu sitini, kofia nyeupe kichwani, shati limepigwa pasi. Kwenye stuli nyuma yake kulikuwa na chupa ya chai na vikombe viwili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nilitegemea fundi."

"Nimekuja mimi. Mimi ndiye ninayezipokea zile chupa zako."

Alinitazama kidogo, kisha akanikaribisha. Nilikataa chai. Nilikagua chujio la hewa, nikapapasa mpira wote unaopeleka hewa kwenye injini, sikuona ufa. Banda lilikuwa safi kuliko jiko langu. Spana zilipangwa ukutani kwa ukubwa. Nikachota oili kwa mkono wangu, nikafunga chupa, nikaiweka mfukoni.

"Chujio ni safi na mpira ni mzima," nilimwambia. "Mchanga unaingilia wapi?"

"Vumbi la huku, mwanangu, linaingia hata ndani ya yai."

Nilitaka kucheka nikajizuia. Nilikunjua karatasi juu ya tangi la dizeli na kumwonyesha kwa kidole. "Huu ni mchanga. Hiki ni chuma. Mchanga umepanda, chuma hakijasogea. Injini haijaumwa hata kidogo. Mchanga huu uliingia kwenye chupa tu, mzee."

Alikuwa anajifuta mikono kwa kitambaa. Aliacha.

"Kumbe oili inasema mpaka hayo."

"Inasema."

"Kwenye injini sijatia kitu. Wallahi. Hii nimeilea miaka kumi na saba, siwezi kuilisha mchanga. Nilitia kwenye chupa, kidogo, kwa ncha ya vidole."

"Kwa nini?"

Alikwenda kwenye stuli, akamimina chai kwenye vikombe vyote viwili kana kwamba sikuwa nimekataa. Kisha akaniambia, huku anatazama vikombe, kwamba zamani gari lilikuwa linakuja kila mwezi. Fundi na dereva walikuwa wanakaa mpaka jioni. Yeye alikuwa anapika pilau, wanakula, wanabishana mpira, wanamwachia gazeti. Siku ya kumwaga oili aliihesabia kama watu wanavyohesabia sikukuu.

"Halafu mkaanza kupima," alisema. "Oili ikawa nzuri, na nyinyi hamji. Nikakaa hapa nawaza, hii oili ikiwa mbaya kidogo tu, watakuja."

Maneno yangu makali sikuyaona tena yalipo. Wiki ileile nilikuwa nimempigia mume wangu simu kumuuliza namna ya kufunga valvu ya tangi la maji nyumbani. Mimi ni mhandisi wa mitambo. Alinielekeza kwa haraka, akaniambia kuna wateja, akakata.

Nilikaa nikanywa chai. Alikuwa Mrangi, mtu wa Kondoa. Mkewe alikuwa amefariki na kuzikwa kule, na wanawe walikuwa na maisha yao. Majirani zake Wagogo walikuwa watu wema, waliomletea mlenda na maziwa, lakini wakikaa pamoja walizungumza Kigogo. "Nasikia wanachosema," aliniambia, "ila kwa kuchelewa. Kicheko kinanifikia wenzangu wameshamaliza kucheka."

Mjini niliandika ripoti fupi. Niliandika kwamba sampuli zilichafuka wakati wa kuchotwa na kwamba injini ni nzima. Yote mawili yalikuwa kweli. Nikaongeza kwamba kwa injini ya umri ule ni busara oili ichotwe na mtaalamu kila baada ya saa mia mbili na hamsini, hata kama haibadilishwi, ili tuone mabadiliko mapema. Hilo pia lilikuwa kweli, kitabuni. Bosi alisoma, akaniuliza nani atakuwa anakwenda huko porini kila mwezi.

"Mimi," nilisema.

Nilikwenda zaidi ya mwaka. Kuchota oili ni kazi ya robo saa, mimi nilikuwa naondoka alasiri. Tulikula pilau yake, ambayo ilikuwa na pilipili manga nyingi mno, na nilimpelekea magazeti na betri za redio. Nilimweleza majibu ya chupa iliyopita naye akasikiliza kama mzazi anayesomewa ripoti ya shule. Kila nilipofika aliniuliza baba watoto anakuja lini, nami nilimjibu mwisho wa mwezi. Nilisema hivyo mara nyingi. Siku moja nilichoka kusema hivyo.

"Haji," nilimwambia.

"Umemwambia aje?"

"Anajua."

"Sijauliza kama anajua."

Nilikasirika. Niliondoka mapema siku ile bila kula. Lakini nilipofika barabara kuu, pale simu inapoanza kushika mtandao, nilisimamisha gari pembeni nikapiga.

"Nataka uje," nilimwambia mume wangu.

"Kuna nini kimeharibika?"

"Hakuna kilichoharibika. Njoo tu."

Nilimsikia akimwambia mteja asubiri. Kisha akasema sawa.

Alikuja kwa treni pamoja na mtoto wetu mdogo, wakakaa siku mbili. Nilikuwa nimepika kana kwamba napokea wakwe. Mtoto alifurahi, alikimbia kwenye viwanja visivyojengwa akawa mwekundu kwa vumbi mpaka kope. Sisi wawili tulikaa sebuleni kama watu waliowahi msibani kabla ya wenyeji, kila mmoja akiogopa kuuliza. Alisifu nyumba. Alikagua valvu ya tangi akasema nimeifunga vizuri. Jumapili niliwasindikiza stesheni. Alikuja mara mbili nyingine baada ya hapo. Hatukugombana hata siku moja, na ni hilo lililonionyesha mambo yamefika wapi. Mwaka uliofuata tuliamua kila mtu abaki alipo, na watoto waje kwangu likizo.

Mzee nilimweleza nilipokwenda tena. Hakunipa shauri. Alisema tu "pole, mwanangu," akaenda kuongeza maji kwenye rejeta ambayo haikuwa inahitaji maji.

Kisha kijiji kikapata mitambo ya jua. Vibao vyeusi vilipangwa nyuma ya banda, pampu mpya ikashushwa kisimani, na maji yakatoka bila mlio wowote. Watu walipiga vigelegele. Siku ya kuja kuchukua injini nilipanda lori pamoja na mafundi, ingawa sikuwa na kazi. Mzee alisimamia kila nati. Mwishowe walipoifunga kwa kamba juu ya lori, alizunguka mara moja kukagua mafundo, akasema lile la kushoto limelegea. Kweli lilikuwa limelegea. Likakazwa.

Yeye alirudi Kondoa kwa mwanawe mkubwa. Nilimpeleka mwenyewe mpaka kituo cha mabasi cha mjini, na begi moja na boksi la spana. Alikataa nimbebee boksi.

Tulikuwa tunapigiana simu kila Ijumaa baada ya sala. Baadaye ikawa Ijumaa moja moja, hasa mimi ndiye nilikuwa napiga. Mara ya mwisho aliipokea akiwa na furaha, akaniuliza habari za vumbi na za wanangu. Nyuma yake niliwasikia watoto wanagombania kitu, kuku, na mtu anatwanga. Mtoto mmoja akamwita babu kwa sauti kubwa. Akaniambia, subiri kidogo mwanangu, akaiweka simu mahali, na nadhani akanisahau. Sikukata. Nilikaa kitandani kwangu Nzuguni, simu sikioni, nikawasikiliza wale watu wa nyumba ile. Mtwangaji alimaliza, akaanza kupepeta. Mtoto akalia, akabembelezwa, akanyamaza. Nikaendelea kusikiliza mpaka salio likaisha.