Picha ya Mkate wa Napoli

Namshukuru Mungu kwa mkate wa kila siku, ila harufu yake ukitoka tanuruni hunifanya nishushe macho.

Padri wetu, mtu wa Napoli, alituonyesha picha za kwao: kuta za kale zilizochorwa samaki na matunda, na mkate uliofukiwa na majivu ya mlima wa volkano tangu enzi za Warumi.

"Kumbe kwenu mlima ndio unaopika, Padri?" aliuliza rafiki yangu. Tukacheka, hata Padri.

Mimi, mtoto wa ndizi, nilikuwa sijaonja mkate. Nikaificha picha ya mkate ule ndani ya gauni. Ilipokosekana, katekista akamgeukia rafiki yangu.

"Wewe mwenye mzaha! Komunyo ya kwanza utangoja mwaka ujao."

Nikanyamaza.

Jumapili nilikomunika. Rafiki yangu alinisubiri nje ya kanisa. Akamenya tunda la buni lenye punje mbili za kahawa, akanipa moja nitafune, akabaki na ya pili, kama wafanyavyo kwetu wanaofunga undugu.

"Tafuna, dada yangu. Leo umetupokelea sote wawili."

Punje ile nayo nikaipokea.