Mungaa: Nilikimbia na kijiji kizima kumsaka mwenye droni, na mwenye droni ni mimi

"Uuuwi! Uuuwi! Ng'ombe jamani, uuuwi!"

Hiyo ndiyo sauti iliyonitoa roho jioni ile, wakuu.

Salaam kwenu nyote. Ninaandika nusu kwa hofu na nusu kwa kicheko. Sitaongeza chumvi, maana tukio lenyewe lina chumvi ya kutosha.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Nilikuwa likizo kwa shangazi yangu, Mungaa, wilaya ya Ikungi, na kaka yangu alikuwa ameniazima droni yake ndogo nijifurahishe.

Wanaonifahamu wanajua kwamba sifanyi jambo kabla ya kulisomea. Nilisoma. Kutorusha karibu na kiwanja cha ndege: kiwanja kiko Singida Mjini, mbali. Kutozidi futi mia nne: niliweka kikomo. Kutorusha juu ya umati: chini palikuwa na alizeti tupu. Kutoiacha ipotee machoni: sawa. Usajili: ukurasa niliousoma ulisema droni nyepesi ya kujifurahisha haihitaji.

Ukurasa huo ulikuwa wa nchi nyingine. Tutafika huko.

Basi nikairusha kutoka uani. Wakuu, alizeti ukiitazama kutoka juu, jua likielekea kuzama! Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Ndipo yowe likalia.

Kwa wasiojua: kwetu yowe likilia, kila mtu mzima hutoka. Anayebaki nyumbani ndiye wa kwanza kushukiwa. Shangazi alichomoka jikoni na mwiko mkononi.

"Umesimama unaangalia mbingu? Twende! Unataka waseme tumeficha wezi?"

"Shangazi, lakini mimi..."

"Utasema huko huko!"

Nikaificha rimoti ndani ya kitenge, nikaiacha droni ikining'inia angani, nikakimbia. Hapo kanuni ya kutoiacha ipotee machoni ikafa rasmi.

Njiani tukamkuta Mzee Mughenyi, jirani wa shangazi, akihema katikati ya umati. Ng'ombe wake wametawanyika. Na hawakuwa ng'ombe hivi hivi: ni wa mahari ya mwanawe. Wakwe walikwisha kuwaona na kuwakubali mmoja mmoja, na Jumamosi walipaswa kupelekwa. Akipungua mmoja, harusi iko mashakani.

"Kitu kimepita juu kinalia kama nyuki," alisema. "Ng'ombe wakaruka!"

"Ni wezi wa kisasa hao," akadakia kijana mmoja mwenye fimbo. "Wanatuma mtambo uhesabu kwanza, lori linafuata."

"Tumkamate mwenye mtambo!"

Nilitaka kukiri. Nikaanza kuipanga sentensi, nikaona ina vishazi vingi mno, nikaanza upya. Nikiwa bado napanga, umati ukatimka tena, nami nikatimka nao. Nilikimbia kwa bidii ya ajabu. Nadhani akili iliniambia kwamba asiyekimbia ndiye atakayejulikana.

Ng'ombe wakapatikana, isipokuwa mtamba mmoja.

Sasa, betri ikikaribia kuisha, droni ile hujirudisha yenyewe pale ilipoanzia.

"Hicho! Kinapita!"

Ikapita juu ya vichwa vyetu taratibu, kwa adabu, ikielekea kwa shangazi. Umati mzima nyuma yake. Mimi mbele.

Ikatua uani, katikati ya mtama ulioanikwa. Kuku wakatapakaa. Shangazi akanitazama.

Nikatoa rimoti.

"Ni yangu. Shikamooni."

Sijui kwa nini nilisalimia, wakuu.

Mzee Mughenyi akanikazia macho. "Binti, yaani umekimbia na sisi?"

"Ndiyo, babu."

"Na mbona ulikuwa mbele?"

Shangazi akakaa chini kabisa, mwiko pembeni, akacheka hadi machozi. Mzee hakucheka. "Mtamba wangu kwanza," alisema, na kicheko kilichokuwa kinanijia kikakauka.

"Si airushe tena imtafute?" akauliza yule kijana.

Betri ilikuwa imekufa. Tukamtafuta kwa miguu, mimi nikiomba kila dua ninayoijua. Tukamkuta amejichanganya na kundi la boma la pili, anatafuna mabua bila wasiwasi wowote. Mzee akamshika shingo, akaanza kucheka, akacheka hadi akakohoa.

Mwenyekiti wa kitongoji hakupoteza muda. Akaibeba droni kwapani. "Hii inalala kwangu mpaka uniletee kibali."

Nikaenda kusoma upya, safari hii taratibu za nchi yetu. Kumbe hapa usajili na kibali hutangulia, hata kama unajifurahisha tu.

Somo nililolipata: nilikagua anga lote, nikasahau kuuliza nani anapita chini yake. Msirushe kabla ya kusoma kanuni za hapa nyumbani, na waambieni viongozi na wafugaji wa eneo lenu mapema. Waliokwisha kusajili droni zao, nielekezeni. Wanaotaka kunicheka, uwanja ni wenu.

Namalizia na simu niliyoipiga hatimaye, baada ya kuiahirisha kwa kila kisingizio. Niliwapigia wahusika wa usafiri wa anga nikiwa barazani kwa mwenyekiti, naye akataka iwe kwenye spika. Nikaeleza yote kwa mpangilio.

"Sawa, dada," mhusika akasema. "Kabla sijakupa utaratibu, uongozi wa hapo unajua kwamba una droni?"

Sijafungua mdomo, mwenyekiti akainamia simu.

"Tunajua, mkuu! Tumekimbia naye!"