Tuta Asilokula Mtu

Mwanamkasi binti Jumbe alikuwa mchoyo wa viazi vitamu. Mungu amrehemu, lakini kweli haizikwi.

Pale kijijini Mkwaja watu walichimba vile vinono, wakala. Mashina yaliyodumaa, majani yamejikunja na kupauka, waliyaacha ardhini, na masika yakifika wakakata marando, vile vikonyo vya kupandia, ya hayo hayo wakapanda. Mavuno yakapungua mwaka hadi mwaka, wakalaumu husuda.

"Mnachinja jogoo mzima, mnafuga kiwete," Mwanamkasi akawaambia, "kisha mnashangaa vifaranga vinachechemea!"

Yeye alikuwa na tuta moja la mbegu. Shina likijikunja jani moja tu, aling'oa lote akalichoma. Yaliyobaki safi, ole wake atakayeyagusa. Mdogo wake Hatibu, mwadhini, alikula viazi vyembamba kama vidole miaka sita.

"Dada, nimelisomea shamba Yasini mara tatu."

"Mungu kakupa Yasini, kakupa na macho. Mbona haya ya pili huyatumii?"

Mwanamkasi alifariki mwaka wa hamsini na sita, katikati ya kiangazi, wakati mbaya kuliko wote. Siku ya hitima watu walifurika, wali ukaisha. Bi Asmahani, jirani, akamnong'oneza Hatibu: "Tuta la marehemu lina viazi kama mapaja. Chimba, usituaibishe."

Hatibu akachukua jembe. Alijua: vikichimbwa sasa, mvua ikija hakuna cha kuchipua, na Mkwaja nzima haikuwa na mbegu safi nyingine. Lakini miaka sita! Akasema bismillahi, akainua jembe, mate yakamjaa. Hapo akaona jani limejikunja.

Akaliweka jembe chini. Akaling'oa shina lile, akakaa kwenye vumbi akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mazishini.

Alirudi kwa waombolezaji mikono mitupu. "Kuna vile viazi vya vidole tu. Masika njooni, kila mtu atapata fungu la marando."

"Tumekuja kumlilia, tunaambiwa tungoje mvua!" Uweso mvuvi akafoka. "Hata kaburini bibi huyu hatoi!"

Mvua iliponyesha, wa kwanza kubisha hodi alikuwa Uweso. Alimkuta Hatibu, adhana ya alfajiri imemtoka kinywani sasa hivi, ameinama tutani akikagua jani moja moja.

"Shekhe, umerithi shamba?"

"Nimerithi uchoyo, alhamdulillahi. Kata hapa. Pale usiguse."