Ng'ombe Ambao Baba Aliwarudisha

Wakwe zangu walileta ng'ombe ishirini wa mahari kutoka Nkololo. Baba, mzee wa kanisa mwenye shati moja la Jumapili, alichukua mmoja wa kuchinjia harusi, wengine akawarudisha. Alisema Mungu anamtosha. Nilimchukia, wala sikuficha. Kwa miaka sita mama mkwe aliniita mke wa bure, na mume wangu aliponipiga hakuna aliyemzuia.

Siku niliyokimbilia nyumbani uso umevimba, mume wangu alinifuata. Baba alimwonyesha zizi tupu.

"Nionyeshe ng'ombe wako humu, ndipo umchukue."

Mume wangu akaondoka peke yake.

Mwaka huohuo binti wa jirani yetu naye alimkimbia mumewe. Baba yake alikuwa ameshawauza ng'ombe wa mahari, kwa hiyo akamrudisha kwa mumewe. Binti yule amezikwa hukohuko.