Mwanamke Anayewaita Watu Kutoka Ukunguni

Ukungu wa Jumapili umekalia vilima vya Lickey, kusini mwa Birmingham, na hauna haraka ya kuondoka. Chini ya misonobari mwanamke mmoja anatembea taratibu, rola ya utepe mwekundu na mweupe ikiwa imevishwa mkononi kama bangili. Anafunga kipande kwenye tawi, anarudi nyuma kidogo, anakitazama, kisha anasonga mbele. Penye kona anasimama tu na kuusikiliza mlima.

Huyu ni Truphosa Minayo, mzaliwa wa Maragoli, magharibi mwa Kenya. Siku za kazi anakesha na wazee katika nyumba ya kutunzia wazee huko Harborne. Jumapili hii ya Oktoba 2007 yeye ndiye mwandaaji wa mbio za milimani, mbio za wauguzi, wanafunzi na wauza duka ambao hakuna anayewasubiri kwa medali.

Leo moyo haujatulia. Kuna mkaguzi aliyetumwa na chama kinachozikatia bima mbio za namna hii. Mambo yakienda sawa, bima inarudi. Yakiharibika, hakutakuwa na mbio tena, na Truphosa anajua hatapewa nafasi ya tatu.

"Bila bima wenye msitu hawakufungulii hata geti," anasema huku akichomoa mwiba kidoleni. "Na siwalaumu. Mtu akivunjika mguu huku, nani atamlea?"

Cha kuchekesha ni kwamba hajawahi kukimbia mbio hata moja. Alipofika Birmingham mwaka 2001, kila aliyesikia ametoka Kenya alimtazama kwanza miguu. Jaswinder, mpishi wa pale kazini, ambaye hupanda vilima mbio bila kuhema, alimburura hadi Lickey akitarajia makubwa. Kumbe Mkenya wake anachoka kwa kupanda ngazi. Basi akapewa makoti ya wenzake ayashike.

Akayashika. Akawatazama wakimezwa na ukungu mmoja mmoja, msitu ukanyamaza, na baada ya muda wakatokea upande mwingine mashavu yamewaka, wanacheka. Alijiona kama anaota akiwa macho. Kwao Maragoli asubuhi kama hiyo mawe makubwa hayaonekani mpaka uyaguse, na watoto hupotelea nyuma yake wakisubiri kutafutwa. Alipenda palepale, na hajapona.

Siku hizo walikimbia kienyeji, hadi walinzi wa msitu walipowatimua. Ndipo Truphosa, ambaye mshahara wake wa saa nzima haufiki pauni saba, akaanza kuhangaikia bima. Alipoipata, kiingilio kikawa pauni tatu, na karibu zote zikawa zinaishia humo. Bima nayo ina masharti: kila mkimbiaji ajiandikishe kwa jina lake, abebe koti la mvua na filimbi, ahesabiwe akiondoka na ahesabiwe akirudi. Anayechoka njiani haruhusiwi kujiendea nyumbani kimyakimya.

Yote hayo aliyafuata. Lililomponyoka ni desturi ya watu wake mwenyewe.

Mwaka jana Feisal, kijana wa Kizanzibari anayeuza viatu Kings Heath, alijiandikisha akalipa. Siku ilipofika, kichwa kikamuuma. Sasa, kwao mtu akialikwa harusini akashindwa kwenda, humtuma ndugu, na ndugu yule hupokewa na kulishwa kama yeye. Feisal akamtuma binamu yake Abdulnasir, mwanafunzi aliyekuwa na wiki chache tu Uingereza. Abdulnasir akavaa namba ya Feisal, akasalimia watu kwa adabu, akaingia ukunguni.

Hakutoka.

Wakimbiaji wote walikuwa wamerudi isipokuwa namba ile. Truphosa na wenzake wakatawanyika msituni wakiita, "Feisal! Feisal!" Hakuna aliyeitika. Anasema sauti yake ilikuwa ikimrudia kutoka kwenye miti. Akapiga namba ya simu aliyoandikiwa kwa ajili ya dharura. Akapokea Asmahan, mke wa Feisal. Kwa upole aliouzoea kwa ndugu za wagonjwa, Truphosa akamweleza kwamba mumewe amepotea mlimani.

"Mume wangu?" Asmahan akauliza. "Mume wangu huyu hapa, anakunywa chai na mkate wa ufuta."

Kisha Feisal akaja kwenye simu, akataja jina la binamu yake.

Wakaanza upya kuita, safari hii "Abdulnasir!" Na kutoka kwenye magugu, karibu kabisa na njia waliyokwisha kuipita, ikajibu sauti kama ya mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili: "Naam."

Alikuwa amelala kwenye majani mabichi, kifundo cha mguu kimevimba, anatetemeka. Filimbi ilikuwa shingoni. Walipomuuliza kwa nini hakuipuliza, akaeleza kwa unyenyekevu kwamba alisikia wanamtafuta Feisal.

"Nikajua Feisal kaja nyuma yangu naye kapotea," alisema. "Nikaona mna mtihani mkubwa kuliko wangu. Nikanyamaza, nikamwombea dua."

Leo Truphosa anaisimulia akicheka hadi anashika ubavu. Siku ile alikaa chini akalia.

Jioni Feisal alimfuata hadi kwake Ladywood. Alimsihi aandike kwamba aliyeanguka ni yeye Feisal. Jina lingelingana na namba, na chama kisingejua. Truphosa alimpa chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akakataa. Aliona kwamba uongo ule ungefuata mbio zote zitakazokuja, na yeye ndiye anayewaambia watu wasiogope kwa sababu wamehesabiwa. Akaripoti kila kitu. Bima ikasimamishwa.

Mwaka mzima hakukuwa na mbio. Truphosa alikuwa akitoka zamu, anapanda basi mpaka mwisho wa njia, anatembea peke yake vilimani na kurudi kulala. Hasira kwa Feisal zilimwisha polepole. "Hata kwetu tunatuma mtu," anasema. "Angefanya nini mtoto wa watu? Aliona aibu kuvunja ahadi."

Hapo akapata la kufanya. Alikwenda mbele ya kamati ya chama akawaomba wasikataze kutumana, kwa kuwa watu wake watatumana tu. Aliyetumwa aje, arudishe namba ya aliyemtuma, aandikwe upya kwa jina lake na hali ya afya yake, na kabla ya kuanza kila mtu aitwe aitike mwenyewe. Kamati ikakubali ijaribiwe mara moja, mbele ya mkaguzi.

Ndiyo leo. Watu wanaanza kufika, makoti mkononi, wanapuliza viganja. Simu ya Truphosa inalia. Ni Feisal. Anaomba radhi sana, dukani hawakumpa ruhusa. Amemtuma mtu.

Truphosa anafumba macho. "Anaitwa nani?"

Kabla hajajibiwa, mbele yake amesimama mwanamke mwembamba aliyefunga mtandio sawasawa, suruali ya michezo chini ya gauni, viatu vipya kabisa.

"Asmahan, dada," anasema. "Nilipokea simu yako mwaka jana. Nikasema lazima niuone huu mlima."

Namba ya Feisal inarudishwa, inaandikwa mpya. Majina yanaitwa, kila mmoja anaitika lake, na mkaguzi, mzee mpole mwenye ndevu zenye umande, anasikiliza akikubali kwa kichwa. Filimbi inalia. Watu wanakimbia kuelekea kwenye weupe, na baada ya muda mfupi msitu umebaki na matone yanayodondoka tu.

Kisha wanaanza kurudi, wamejaa tope, mmoja baada ya mwingine. Jaswinder anawahesabu. Mwishowe amebaki mmoja.

Mkaguzi anatazama saa. Truphosa anavuka utepe, anatembea hadi pale miti inapoanza kufifia, anaweka viganja mdomoni.

"Asmahan!"

Matone. Ndege mmoja.

"Asmahan!"

"Abee!" linajibu jina lenyewe, mbali kidogo, likihema na kucheka. Baadaye anatokea mwenye jina, kiatu kimoja kimegeuka donge la tope, mtandio haujasogea.

Mkaguzi anamwambia Truphosa kwamba kwa upande wake ameona ya kutosha, bima itarudi. Anampa mkono. Truphosa anaushika kwa mikono miwili, kisha anageuka upande kidogo apanguse uso.

Tunamuuliza atafanya nini mwakani. Anaangalia juu, ukungu ulikoanza kufunguka na kilima kuonekana kipande kipande.

"Mwakani Jaswinder atashika filimbi, mimi nitavaa namba," anasema. "Najua nitakuwa wa mwisho, na sijali. Nataka na mimi nipotee kidogo humo ndani, halafu niitwe."