Mkwe kwenye sofa, mama mkwe jikoni

Leo nimeona upuuzi mpaka nikavua miwani.

Binti anayetuchorea nyumba yetu ya Nyasubi kaja na kompyuta. Eti, "Baba, hii ndiyo sebule yako."

Natazama, sebule na jiko ni kitu kimoja. Hakuna ukuta! Na humo kaweka watu: kijana kakaa kwenye sofa, mama anasonga ugali.

"Huyu kijana ni mkwe wangu?"

"Ni watu wa picha tu, baba."

Watu wa picha! Mimi nimejenga nyumba tatu hapa Kahama bila picha, zote zimesimama. Sisi Wasukuma, mwanaume aliyemuoa binti yangu akae anamtazama mama mkwe wake akipika? Chuo gani kinafundisha aibu hiyo?

"Weka ukuta!"

Akaweka. Nikamwita mke wangu, Mama Kulwa, aje aone akili ya mumewe.

Akatazama weee. "Yule mama kaenda wapi?"

"Yuko nyuma ya ukuta, anapika."

"Kafungiwa kama kuku? Mkwe anakuja Krismasi tu, mimi napika kila siku. Jenga huo ukuta, na upike mwenyewe."

Yule binti kainamia kompyuta, anacheka.

Nikamwambia, acha meno, fanya kazi. Ukuta toa. Mkwe mwondoe kwenye sofa, mpeleke barazani.

Akamhamisha. Kwisha kazi!

Kompyuta yote ile, na aliyewaza hilo ni mimi.

Wenye wakwe, semeni: nimekosea wapi?