Siku Tulipomlilia Baba Akiwa Kazini

Prof wetu wa Kifaransa alituagiza tuandike hadithi ya msiba, nami sikuwa mchoyo. Niliua baba, mama, mapacha, padri aliyekuja kuwazika, na mbwa. Nikaweka kunguru juu ya paa, saa iliyosimama ukutani, mshumaa uliozimwa na upepo, mvua nyeusi. Prof akaisoma mbele ya darasa zima, wenzangu wakacheka mpaka mabenchi yakalia, kisha akanirudishia karatasi kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeshika panya.

"Weye umeua batu bote. Sasa nani atabaliliya?"

"Kunguru, Prof."

Darasa likacheka tena. Yeye hakucheka. Alisema msiba wa hadithi hauko kwa wafu, uko kwa yule anayebaki na hajui kesho atafanya nini. Nirudi na alama moja ya huzuni, moja tu, niliyoiona kwa macho yangu, si kunguru wa vitabuni.

Alama! Mjini Kolwezi msimu ule wa mvua alama zilijaa barabarani. Kwetu viti vikitolewa nje ya nyumba maana yake ni moja: mtu amekufa, sebule imeachwa wazi ili wanawake wakae chini walie. Huulizi. Unafunga kitambaa kiunoni, unaanza kulia ungali njiani, jina la mfu utaliulizia mbele. Lakini tangu yaanze maneno kwamba watu wa asili ya Kasai, jimbo la jirani, warudi kwao, hata wale ambao babu zao ndio walioletwa hapa kuchimba shaba, viti vilitoka nje kila mtaa, na vitanda, na kabati, viuzwe kabla wenyewe hawajaenda gare, stesheni ya treni, kungoja mabehewa. Mtu anapita, hajui alie au aulize bei. Nikajitengenezea mchezo. Nikipita na wenzangu naita uani: "Hodi! Hapa ni kilio ao ni soko?" Mzee mmoja alinijibu, bila hasira, "Yote mbili, mwanangu." Nyumba yake sikuipitia tena.

Sasa siku hiyohiyo ya kunguru nikatoka shule, nikapinda kona yetu, nikaona viti vyetu.

Mama yangu alizaliwa Kolwezi, lakini wazazi wake ni wa Kasai; baba ni mtu wa hapa Katanga, upande wa kaskazini. Majirani walikuwa wameshamwambia baba, wengine kwa upole, wengine kwa mawe juu ya bati letu, kwamba mke anaweza kwenda, watoto ni wa baba. Babu na bibi walikuwa gare tayari, wanalala juu ya mafurushi yao. Ikawa kila nikitoka shule natazama kwanza kama sufuria za mama zingali jikoni.

Mama alikuwa anakokota godoro nje. Hakunitazama. Kabla sijauliza kitu, sauti ikaja kutoka barabarani: shangazi yangu, mdogo wake baba, beseni la unga kichwani, kitambaa kiunoni.

"Yaya wangu eee! Mugodi imekula yaya wangu!"

Yaya ni kaka mkubwa, yaani baba, naye alikuwa kazini mgodini. Shangazi aliona viti kwa mbali, akamaliza hadithi mwenyewe. Akatua beseni, akajitupa chini. Mama akamkimbilia: "Tanti, hapana, hakuna mufu!" Lakini sauti ya shangazi inafika mpaka mtaa wa mbali wa Musonoi bila kupanda gari. Wanawake wa mtaa wakaja, hata yule ambaye hakuwa anatusalimu tena, wakakaa chini, wakaupokea wimbo. Mama akazunguka akisema hakuna aliyekufa. Nani amsikilize? Wafiwa wote husema hivyo.

Ndipo baba akaingia na baiskeli, kofia ya kazi kichwani. Akaona umati, akaiegemeza baiskeli taratibu, akamwinamia mama mmoja wa pembeni.

"Pole, mama. Nani amekufa?"

"Mwenye nyumba, tata," akajibu huyo akilia, uso chini. "Alikuwa mutu muzuri."

"Mimi?"

Nilicheka wa kwanza. Shangazi akainua macho, akapiga ukelele wa kumwona mfu amevaa kofia, na ua mzima ukapasuka kwa kicheko. Hata baba. Alicheka akishika mbavu, macho yakipita kwenye viti, kwenye meza, mpaka kwenye kitanda chake mwenyewe kilichosimamishwa ukutani. Hapo akaacha. Alikuwa hajaambiwa.

"Unaenda?" akamwuliza mama, mbele ya wote.

"Mama yangu miguu imevimba. Na tata yangu haone muzuri. Nani atabapandisha mu wagon?"

"Na utarudia?"

"Kule mi sijafikaka hata siku moya. Njia ya kurudia nitaijulia wapi?"

Wanawake wakainuka mmoja mmoja, wakikung'uta vitenge. Katika hadithi ningejua la kufanya: ningemwua mtu mwingine, yaishe. Hapa wote walikuwa hai, wamesimama, wanaangalia miguu yao.

Shangazi akakaa chini tena, akajifuta pua na ncha ya kitenge. "Mi minabakia hapa. Nilisha anza kuliya."

"Tanti, mutu hakufa," mama akasema.

"Najua. Minaliya weye."

Mama akafunika uso kwa mikono. Sikuweza kuvumilia, nikatupa neno: "Na mi je? Nusu ipande treni, nusu ibakie na baba? Kichwa kitaenda na nusu gani?" Nilidhani watacheka. Baba aligeuka akaangalia bati.

Mama akanishika bega, akanisukuma kuelekea jikoni. "Leo nitapika bukari ya ule unga ya Tanti. Leta makala."

Nikaleta makaa, nikayapanga kwenye jiko letu la mbabula, kipande juu ya kipande, polepole kuliko inavyotakiwa.

"Na kesho, mama?"

"Puliza moto."

Nikapuliza.